Lala Mjini, Tembea Nyikani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kutembea Masafa Marefu Ukiwa Umefikia Hebden Bridge

Naishi Leeds, na kwa miaka mingi sasa mapumziko yangu huishia Hebden Bridge, mji mdogo wa bonde la mto Calder, West Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza. Ndugu na marafiki wananiuliza maswali yaleyale: wengine wako London na Birmingham, wengine wanakuja kutoka Dar au Mombasa kuwaona watoto wao na wanataka siku chache za kunyoosha miguu. Majibu yangu ni haya.

Kwa nini Hebden Bridge? Mbona usitupeleke Lake District?

Lake District, eneo la milima na maziwa, ni pazuri, sibishi. Lakini bila gari utahangaika, na bei za vyumba wakati wa kiangazi zinauma. Mji uliokuwa wa viwanda vya nguo una utajiri mwingine: njia.

Kabla ya viwanda, wafumaji wa bonde hili waliishi juu mlimani. Chini kulikuwa na msitu na majimaji. Walisokota na kufuma sufu majumbani mwao, na farasi wa mizigo wakapeleka nguo sokoni Halifax kwa vijia vilivyotandikwa mawe. Mwishoni mwa karne ya 18 maji ya vijito yakaanza kuendesha mashine, kazi ikashuka bondeni kwenye pamba, ila watu wengi wakabaki juu. Asubuhi wanashuka zamu, usiku wanapanda. Ndiyo maana hapa kila mteremko una ngazi au kijia chenye ukuta pande zote mbili, na vyote vinaishia mjini. Mfereji wa Rochdale ukafunguliwa wote mwaka 1804, reli ya Manchester hadi Leeds ikakamilika 1841.

Viwanda vimefungwa. Vijia, mfereji na reli vimebaki. Mtembezi analala mahali pamoja, anatoka asubuhi kila siku kwa upande tofauti, na jioni treni inamrudisha. Sijui sehemu nyingine Uingereza inayomrahisishia hivyo mtu asiye na gari.

Mji wenyewe uko vipi?

Umebanwa. Mto Calder na kijito cha Hebden Water vinakutana hapo, milima imesimama pande zote, na ardhi tambarare ilichukuliwa mapema na viwanda. Wajenzi wakapandisha nyumba juu ya nyumba. Utaona majengo ya ghorofa nne au tano yaliyoegemea mlima, na ndani yake kuna nyumba mbili za familia mbili: ya chini mlango wake uko barabara ya bondeni, ya juu mlango wake uko upande wa pili, barabara ya mlimani. Mara ya kwanza niliponyooshewa kidole kuonyeshwa hilo nilisimama kama dakika kumi nikihesabu madirisha.

Nguo ya hapa ilikuwa fustian, pamba nzito inayovumilia kazi, jamaa moja na kodrai. Mji ukapewa jina la utani la mji wa suruali, kwa sababu haukuishia kufuma. Ulikata, ukapaka rangi na kushona. Uwanja wa St George's Square katikati ya mji una sanamu ya kisu kirefu cha kukatia nyuzi za fustian, nayo pia ni saa ya jua. Ukipanda kidogo kuelekea mashariki utakiona kiwanda cha Nutclough, kilichokuwa cha ushirika wa wafanyakazi wenyewe ulioanzishwa 1870. Ushirika huo ulimilikiwa kwa sehemu na mikono iliyokuwa ikishika visu, na kwangu hilo ni jambo la kujivunia kuliko dohani zote za bonde hili.

Daraja lililoupa mji jina lake bado lipo, la mawe, la takriban mwaka 1510. Piteni juu yake angalau mara moja.

Tunafikaje?

Kwa treni. Kutoka Manchester Victoria au Leeds ni chini ya saa moja. Kituo kiko ng'ambo ya mto, dakika kumi kwa miguu hadi katikati, unapita bustanini kando ya mfereji. Kumbukeni ratiba za huku zinahesabu kuanzia usiku wa manane: 16:00 ni saa kumi jioni yetu. Mjomba wangu alikosa treni kwa hilo.

Pennine Way inapita hapo?

Inapita jirani. Pennine Way ni njia ya kilomita 431 kutoka Edale, Derbyshire, hadi Kirk Yetholm, ng'ambo kidogo ya mpaka wa Scotland. Wazo lilikuwa la Tom Stephenson, mwandishi wa habari aliyelitoa gazetini mwaka 1935, na njia ikazinduliwa tarehe 24 Aprili 1965, miaka thelathini baadaye. Inashuka bonde la Calder na kulivuka kama kilomita mbili magharibi mwa Hebden Bridge, kisha inapanda upande wa pili. Siku hizi kuna mchepuko rasmi unaowaingiza watembezi mjini na kuwarudisha njiani. Utawatambua mara moja: shanta kubwa, nyuso zilizopigwa upepo, wanatafuta mahali pa kufulia soksi.

Siku ya kwanza twende wapi?

Stoodley Pike. Ni mnara wa mawe meusi, mita 37, umesimama ukingoni mwa mlima kwenye mwinuko wa karibu mita 400, na unaonekana karibu kila pembe ya bonde. Wa kwanza ulijengwa baada ya Napoleon kushindwa, ukaporomoka 1854; huu wa sasa ulimalizika 1856, vita vya Crimea vilipokwisha.

Kutoka mjini ni kama kilomita tano na kupanda mita 300. Kuna kanuni ya zamani ya Mskochi William Naismith, ya mwaka 1892, na mimi bado naitumia: saa moja kwa kila kilomita tano, ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa hiyo saa moja na nusu hadi juu kwa mtu mzima wa afya, na mkiwa na wazee au picha nyingi za kupiga, hesabuni mbili na nusu. Ndani ya mnara kuna ngazi 39 hadi kwenye roshani. Katikati yake ni giza totoro, shikeni ukuta na muwe na tochi. Mkitokea juu mtaona bonde zima, na mtajua siku zinazofuata mnakwenda wapi. Ndiyo sababu naanza na hapo.

Heptonstall je?

Nendeni jioni, hata kama mmechoka. Ni kijiji cha wafumaji kilicho juu kabisa ya mji, na kijia cha farasi kiitwacho The Buttress kinapanda moja kwa moja kutoka karibu na lile daraja la kale. Ni kikali na mawe yake yakilowa yanateleza kama kambare. Mimi hukipanda, sikishuki.

Juu kuna makanisa mawili kwenye uwanja mmoja. La zamani liliharibiwa na dhoruba 1847, limeachwa bila paa, na jipya likajengwa pembeni. Makaburi yamelazwa kama sakafu, unakanyaga majina ya watu. Mmoja wao ni David Hartley, kiongozi wa genge la Cragg Vale lililokuwa likikwangua kingo za sarafu za dhahabu na kutengeneza nyingine kwa vumbi lake. Alinyongwa York mwaka 1770. Bonde lilikuwa maskini, na wengi walimwita mfalme. Kipo pia kanisa la Wamethodisti lenye pembe nane, la 1764, linalotumika mpaka leo.

Mnasema treni inaturudisha. Tupeni mifano ya safari za upande mmoja.

Hii ndiyo raha yenyewe ya kufikia mji wa reli, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Safari ninayoipenda kuliko zote inaanzia Littleborough, upande wa Lancashire. Pandeni treni ya asubuhi kuelekea Manchester, mshuke hapo, mpande kwa barabara ya kale ya mawe hadi ukingo wa Blackstone Edge. Kuna wanaosema barabara hiyo ni ya Warumi, na wapo wanaosema ni ya karne ya 18. Ubishi huo haujaisha, ila ina mfereji mpana katikati ya mawe, jambo ambalo sijaliona kwingine. Juu mnakutana na Pennine Way na kugeukia kaskazini. Baada ya miamba, njia inakuwa tambarare kwa saa nzima na zaidi, kando ya mabwawa yaliyojengwa ili kuulisha maji mfereji wa Rochdale. Wengine wanapachukia hapo, wanasema panachosha. Mimi napapenda, kwa sababu unaweza kutembea na kuzungumza, na Stoodley Pike inakuja polepole mbele yenu. Kisha mnashuka Hebden Bridge. Jumla karibu kilomita 20, na mmelala kitanda kilekile.

Ya pili inakwenda kaskazini hadi Haworth: mnapita msitu wa Hardcastle Crags, mabwawa ya Walshaw Dean, gofu la shamba la Top Withens lililo peke yake juu ya nyika, halafu mnateremka. Kilomita 18 hadi 20. Haworth hakuna treni ya kurudi Hebden Bridge, kuna basi linalopita juu ya mlima. Angalieni saa za basi kabla hamjaondoka, hasa Jumapili.

Ya tatu ni fupi: treni hadi Todmorden, kituo cha kwanza tu mkielekea upande wa Manchester, kwa dakika chache, kisha mrudi kando ya mfereji, kilomita saba hivi. Todmorden ni mji mwingine wa pamba. Mpaka wa kale wa Yorkshire na Lancashire ulipita katikati ya ukumbi wake wa mji. Tangu 2008 wananchi wake wanapanda mboga na mimea ya viungo mahali pa wazi, mbele ya kituo cha polisi na kando ya barabara, mpita njia achume. Kitu hicho kilinigusa sana. Kilinikumbusha mchicha wa uani kwa bibi, ambao haukuwa na mwenyewe mmoja.

Calderdale Way ni ipi, na ni ya siku ngapi?

Ni mzunguko wa kilomita 80 kulizunguka eneo zima la Calderdale, ulifunguliwa 1978. Siku nne au tano kwa mwendo wa kistaarabu. Kila kipande kina kijia cha kushukia kwenye kituo cha treni au cha basi, kwa hiyo si lazima kuhama hoteli. Ina ngazi nyingi na kuta nyingi za kuvuka kuliko Pennine Way, na watu wachache zaidi.

Tuna watoto, na mama ana magoti mabovu.

Basi mfereji. Njia yake ni tambarare, ilikuwa ya farasi waliovuta mashua. Mfereji wote, kilomita 51 kutoka Manchester hadi Sowerby Bridge, ulikuwa na vizuizi vya maji zaidi ya 90 vya kupandisha na kushusha mashua. Ulifungwa 1952, ukaoza, watu wa kujitolea wakaupigania kwa miaka na miaka, na mashua zikapita tena mwaka 2002. Watoto wanapenda kutazama mashua ikiinuka ndani ya kizuizi. Watasimama hapo bila kudai simu.

Kisha Hardcastle Crags, kilomita chache kutoka mjini, msitu wa National Trust, shirika la kuhifadhi mazingira na majengo ya kale, wenye kijito na mawe ya kuvukia. Katikati yake kuna Gibson Mill, kiwanda cha pamba cha mwaka 1800 hivi kilichoendeshwa na gurudumu la maji. Mwaka 1833 wafanyakazi wake walikuwa wakifanya kazi takriban saa 72 kwa wiki. Baada ya pamba kwisha, mwanzoni mwa karne ya 20, watu wa mijini walikuja kucheza dansi na kuteleza kwa viatu vya magurudumu mlemle. Leo kuna mkahawa, na jengo linajitengenezea umeme wake kwa maji na jua. Mama atapata kiti na chai. Mwambieni asikae kwenye vichuguu vya sisimizi pembeni mwa njia, ni wakubwa na wana hasira.

Yale mawe bapa yaliyotandikwa juu ya nyika yalitoka wapi?

Nashukuru kila mtu anayeuliza hili.

Nyika ya juu hapa si ardhi ngumu. Ni udongo mweusi wa mboji, umeloa kama sifongo, mahali pengine unazama hadi kiunoni. Pennine Way ilipopata umaarufu, buti za maelfu ya watu zilisaga majani, mvua ikabeba udongo, njia ikawa mto mpana wa tope. Walinzi wa njia wakaamua kutandika mawe. Wakati huohuo viwanda vya nguo vya Lancashire na Yorkshire vilikuwa vikibomolewa kimoja baada ya kingine, na sakafu zao zilikuwa za mawe mapana ya kienyeji. Mawe hayo yakanunuliwa, yakabebwa kwa helikopta mafungu kwa mafungu na kulazwa juu ya mboji.

Kwa hiyo pale mnapopita mkiwa na wasiwasi wa kuzama, mmesimama juu ya sakafu ya kiwanda. Baadhi yana matundu ambamo mashine zilifungiwa. Wanawake na watoto walisimama juu yake siku nzima kwa kelele ya kupasua masikio. Mimi nikiyaona huinama na kuyagusa. Mkipita, mpite juu yake, msitembee pembeni. Kila hatua ya pembeni inaua majani yaliyoanza kurudi.

Sisi tuna uhusiano gani na nguo za huku?

Upo, na wa pande mbili. Pamba iliyosokotwa hapa ilipitia Liverpool, na kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe Marekani, 1861 hadi 1865, nyingi ililimwa na watu weusi waliokuwa watumwa katika majimbo ya kusini. Vita vilipokata pamba hiyo, watu wa mabonde haya walikaa na njaa. Vita hivyohivyo vilipunguza merikani Zanzibar, kitambaa kilichotoka viwanda vya Massachusetts. Baadaye wenye viwanda wa Lancashire walianzisha chama, 1902, cha kusukuma kilimo cha pamba katika makoloni, na Uganda ikawa mojawapo. Na kanga za bibi zetu, baadhi zilipigwa chapa Manchester, saa moja kwa treni kutoka mnapolala.

Nalisema hili kwa sababu nimewahi kuulizwa njiani, kwa nia njema, kwamba nimevutiwa na nini na historia isiyonihusu. Inanihusu.

Ni halali kupita katikati ya shamba la mtu?

Ikiwa ni njia ya umma, ndiyo, ni haki yako kisheria, hata kama inapita kando ya dirisha la jikoni kwake. Tangu sheria ya mwaka 2000 kuna pia maeneo makubwa ya nyika ambako unaweza kutembea nje ya njia. Haki hii haikuja kwa hisani. Tarehe 24 Aprili 1932 mamia ya watu, wengi vijana wa kazi kutoka Manchester na miji ya jirani, walipanda Kinder Scout kwa makusudi ingawa mlima ulifungwa kwa ajili ya wawindaji. Watano walifungwa jela. Pennine Way ikazinduliwa tarehe ileile, miaka 33 baadaye.

Wajibu wako ni huu: geti ulilolikuta limefungwa lifunge, kuta za mawe usizipande isipokuwa penye ngazi, na kuanzia tarehe 1 Machi hadi 31 Julai mbwa awe kwenye kamba fupi ndani ya nyika, kwa ajili ya ndege wanaotaga chini.

Ramani gani?

Ordnance Survey Explorer OL21, kipimo cha 1:25,000. Inafunika karibu kila kilichotajwa hapa. Njia za umma zimechorwa kwa vistari vya kijani. Njiani, mshale wa njano ni njia ya miguu, wa bluu ni ya farasi na baiskeli pia, na alama ya tunda la mwaloni ni ya njia za taifa kama Pennine Way. Simu ina faida yake, lakini mtandao unakatika mabondeni na baridi inamaliza betri. Karatasi na dira.

Mvua je?

Itanyesha. Upepo wa magharibi unaleta mawingu ya Atlantiki, yanakutana na milima hii. Unyevu huohuo ndio uliosaidia pamba kukaa hapa, kwa sababu uzi mkavu hukatika ovyo.

Mei na Juni ni miezi yangu. Mwishoni mwa Juni jua linachomoza karibu saa 11 kasorobo alfajiri na kuzama baada ya saa 3 na nusu usiku. Mna siku mbili ndani ya moja. Agosti nyika inageuka zambarau kwa maua, na kuanzia tarehe 12 msimu wa kuwinda ndege unafunguliwa, hivyo heshimuni mabango. Desemba jua linazama kabla ya saa 10 jioni. Tembeeni mfereji tu.

Tuvae nini?

Buti zenye meno, ambazo umeshazizoea. Malengelenge ya siku ya kwanza yanaharibu wiki. Koti la mvua na suruali ya mvua hata kama anga ni safi. Sweta la sufu au la manyoya bandia. Jinzi acheni hotelini, ikilowa haikauki na inanyonya joto mwilini. Anayependa kanga aibebe: nimeitumia kama skafu, taulo, mkeka wa kulia chakula na mara moja bandeji.

Hatari ni zipi?

Wanyama wakali hakuna. Kuna ng'ombe wenye ndama, na hao msiwachukulie poa: zungukeni mbali, msipite kati ya mama na mtoto, na mwenye mbwa amwachie akifukuzwa. Kuna kupe kwenye majani marefu, wanaoweza kuambukiza ugonjwa wa Lyme, kaguaneni jioni. Maji ya vijito msinywe, kondoo wako juu yenu.

Hatari kubwa ni ukungu. Uliwahi kunikuta juu ya Heptonstall Moor mwezi wa Oktoba. Nikaona hatua kumi mbele, kisha tano. Nilitaka kuendelea kwa sababu nilikuwa nimebakiza kidogo. Nikasimama, nikanywa chai ya chupa, nikarudi kwa njia niliyoijia, jiwe kwa jiwe. Rudini mapema, mlima haukimbii.

Mkipata ajali pigeni 999, ombeni polisi, kisha uokoaji wa milimani. Bila simu: filimbi sita ndani ya dakika moja, pumzika dakika, rudia. Watakaokuja ni timu ya uokoaji ya Calder Valley, yenye makao Mytholmroyd, kijiji cha jirani. Wote ni watu wa kujitolea, wanaacha chakula mezani. Huwa naweka kitu kwenye kopo lao la michango.

Nilisikia mji unafurika.

Ni kweli. Tarehe 26 Desemba 2015 maji yaliingia madukani na majumbani hadi kifuani, na yamerudi tena baadaye. Bonde ni jembamba na nyika iliyochakaa haizuii maji. Ndiyo maana kundi la wananchi liitwalo Slow the Flow linajenga vizuizi vya magogo kwenye vijito vya Hardcastle Crags. Mkiviona msivipande wala kuvitoa. Mvua kubwa ikitabiriwa, angalieni tahadhari za mafuriko kabla ya kusafiri.

Mimi ni mweusi na nitakuwa peke yangu. Nitatazamwa?

Nyikani, wakati mwingine utakuwa mweusi pekee kwa siku nzima. Nimetazamwa. Mara nyingi zaidi nimesalimiwa, maana desturi ya huku juu ni kila anayekutana na mwenzake kusema neno, hata kama mjini wasingesemeshana. Salimu wewe kwanza. Mji wenyewe umezoea wageni: viwanda vilipokufa, miaka ya 1970, wasanii na vijana waliotafuta nyumba za bei nafuu walihamia, na mpaka leo ni mahali pa watu wa kila namna. Ukitaka kampani, vikundi vya kutembea vya watu weusi na vya Waislamu vipo Uingereza siku hizi, na vinakuja huku kwenye milima ya Pennines.

Chakula halali na swala?

Hebden Bridge mikahawa yenye chakula kisicho na nyama imejaa. Nyama halali na misikiti vipo Halifax, robo saa hivi kwa treni, mji wenye familia nyingi za asili ya Pakistani. Mchana, swalini nyikani: mkeka mdogo, dira, na mgongo wa ukuta kukinga upepo. Juni isha inaingia usiku mno, kwa hiyo mpange usingizi wenu.

Tunaweza kupiga hema?

Kwenye viwanja vya kambi, ndiyo. Nyikani, bila idhini ya mwenye ardhi, sheria ya England hairuhusu hapa. Na moto msiwashe kamwe. Mboji ikishika inaungua chini kwa chini kwa siku nyingi.

Vyumba?

Nyumba za wageni, baa zenye vyumba juu, nyumba za kupanga. Wikiendi hujaa, njooni Jumapili jioni hadi Alhamisi.

Tutarudi na tope hadi magotini. Mkahawani watatukubali?

Watawakubali. Mwaka 2007 Hebden Bridge ilikuwa ya kwanza Uingereza kutambuliwa kama mji unaokaribisha watembezi, na unajua kazi yake. Kung'uteni buti mlangoni, ulizeni kama mziache nje, na ombeni magazeti ya zamani. Chumbani toeni soli za ndani, jazeni magazeti hadi vidoleni, badilisheni kabla ya kulala. Msiziweke juu ya hita, ngozi itapasuka. Asubuhi zitakuwa na ubaridi kidogo, ila zitavalika.